Kung'olewa gego la mwisho Moshi: mkono wa daktari, na siku nne zilizofuata

Kliniki ninayoizungumzia iko katikati ya mji wa Moshi, hatua chache kutoka Soko Kuu. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu kosa nililolikuta pale ni la karatasi na bahasha, si la mkono wa daktari, na nitasikitika mtu akiikimbia kliniki yenye daktari hodari kwa jambo ambalo wenyewe wanaweza kulirekebisha katika asubuhi moja. Nilikwenda pale Alhamisi moja mwishoni mwa Agosti kung'olewa gego la mwisho la taya la chini, upande wa kulia, ambalo kwa miaka miwili lilikuwa likiamka, likivimbisha fizi kwa wiki nzima, kisha likilala tena. Nililipa shilingi 180,000 pamoja na picha ya eksirei. Upasuaji wenyewe naupa alama zote. Ninachotaka kukieleza kwa kirefu ni namna nilivyosindikizwa kutoka pale, maana kwa mtu mwenye gego lililolala, kazi ya daktari ni ya dakika 40, ila kazi ya kupona ni ya wiki nzima, na inafanyika nyumbani, mikononi mwa watu ambao hawakuwamo chumbani.

Nianze na mazuri, kwa kuwa ni mengi. Daktari ni mama wa makamo, mpole wa sauti. Aliiweka picha yangu kwenye mwanga, akanionyesha gego likiwa limelala ubavu, kichwa chake kimeegemea jino la jirani, akaniambia, "Mwalimu, hili halitoki kwa koleo peke yake. Nitapasua fizi, nitapunguza mfupa kidogo, na jino lenyewe nitaligawa vipande viwili ndipo litoke." Alinichoma sindano za ganzi, akasubiri, akanigusa mdomo wa chini na ncha ya ulimi kwa kifaa chembamba akiniuliza kama nahisi, na hakuanza hadi nilipotikisa kichwa kwamba sihisi kitu. Kila alichotaka kufanya alikitaja kabla ya kukifanya: sasa utasikia mlio, sasa utasikia nasukuma, sasa nashona. Nilisikia kusukumwa na kuvutwa. Maumivu sikuyasikia hata mara moja. Nilishonwa nyuzi tatu nyeusi, nikawekewa gozi, yaani kitambaa chepesi cha hospitali, iliyokunjwa juu ya kidonda, nikaambiwa niiume kwa nguvu kwa muda wa saa moja bila kuitoa kila mara kuangalia damu.

Hapo ndipo mikono yake ilipoishia, na nikakabidhiwa kwa dirisha.

Dirishani nilipewa bahasha mbili ndogo za dawa, moja imeandikwa "1x3", nyingine "2x3". Hazikuwa na jina la dawa. Nilipewa na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nne, yote kwa Kiingereza, iliyochapwa kwa herufi ndogo kama za mkataba wa mkopo, na cheti cha ED, yaani ruhusa ya kutofika kazini kwa ugonjwa, cha siku moja. Binti wa mapokezi, kwa upole kabisa, aliniambia kwamba Jumamosi nitakuwa nimeshasahau. Ningemuuliza nini? Nilikuwa na gozi mdomoni, nusu ya ulimi imekufa ganzi, na mate yenye damu yakinitoka pembeni bila mimi kujua. Mtu wa namna hiyo hana swali. Mtu aliyekuwa na maswali ni mama mdogo, aliyekuja kunichukua na kukaa kwenye benchi la nje, na hakuna aliyemwita.

Mama mdogo alisoma hadi darasa la saba. Husoma kila kitu, kuanzia gazeti lililofungiwa vitumbua hadi maelezo ya nyuma ya pakiti ya mbegu, ilimradi kiwe kwa Kiswahili. Tulipofika nyumbani, mtaa wa Pasua, kwa bajaji aliifungua ile karatasi, akaitazama pande zote mbili, akaikunja tena, akaiweka kwenye kopo la risiti. Mimi Kiingereza nakijua, nakitumia kazini kila siku, lakini usiku ule sikuwa na hamu hata ya kusoma saa. Basi nikauguzwa kwa elimu aliyokuwa nayo, ambayo ni elimu ya kukanda.

Kila aliyelelewa katika nyumba zetu anajua maana ya kukanda. Aliyejifungua anakandwa, aliyeteguka mguu anakandwa, aliyechapwa na tawi la kahawa shambani anakandwa. Mama mdogo alichemsha maji, akatumbukiza taulo, akalikamua na kuniwekea shavuni, tena na tena, kwa zaidi ya nusu saa, huku akiniambia, "Vumilia mwanangu, damu mbaya itembee." Kisha akanikoroga chumvi katika maji ya moto, akaniamuru nisukutue kwa nguvu ili uchafu utoke. Nilisukutua kweli. Nilisukutua mara tatu kabla ya kulala, nikitema kwa nguvu kwenye karai, na kila nilipotema maji yalikuwa mekundu zaidi.

Mambo yote mawili aliyonifanyia kwa upendo, siku ile ya kwanza, ni kinyume cha kinachotakiwa, na mtu akishaelewa sababu hatasahau. Fizi ikipasuliwa na mfupa ukichongwa, mwili hufungua mishipa midogo ya damu ya eneo lile ili kupeleka vinavyohitajika kuponya, na majimaji huvuja kutoka kwenye mishipa hiyo na kujaa katika nyama laini ya shavu. Huo ndio uvimbe. Si usaha, wala si dalili kwamba daktari ameharibu. Joto huifungua mishipa hiyo zaidi, kwa hiyo siku ya kwanza joto huzidisha uvimbe na laweza kurudisha damu; baridi huibana. Na lile tundu lililoachwa na jino hujaa damu inayoganda kuwa kama kizibo, nacho ndicho kinachoufunika mfupa na mishipa ya fahamu hadi nyama mpya iote. Kusukutua kwa nguvu, kutema kwa nguvu, kunyonya kwa mrija na kuvuta sigara vyote vinaweza kukibandua kizibo hicho. Ndiyo maana saa 24 za kwanza hausukutui kabisa. Mate unayaacha yatoke yenyewe au unayameza.

Usiku ule nilifanya kosa jingine, na hili ni langu mwenyewe. Ganzi ya taya la chini hudumu kwa muda wa saa tatu hadi tano hivi, na wakati huo mtu hujiona amepona. Nikasema dawa nitakunywa nikianza kuumwa. Maumivu ya gego la namna hii huwa makali kuliko yote katika siku ile ile ya kwanza, ganzi inapotoka, na ukiyaacha yapande ndipo umeze kidonge, utangoja karibu saa nzima ukiwa umeshika shavu kabla hakijaanza kufanya kazi. Dozi ya kwanza humezwa ganzi ikiwa bado ipo. Hilo nalo lilikuwamo kwenye ile karatasi, mstari wa nne, nilipokuja kuisoma Jumatatu.

Ijumaa alfajiri nilipojitazama kwenye kioo, shavu la kulia lilikuwa limejaa hadi kope ya chini imebanwa, na mdomo ulifunguka kiasi cha kupitisha kijiko cha chai kikiwa kimelazwa. Nilikuwa nimeshameza vidonge vya bahasha zote mbili nikidhani zote ni za maumivu. Nikamtuma binamu yangu akaninunulie dawa kali zaidi. Alikwenda famasi moja karibu na stendi kuu, akaomba ibuprofeni, na hapa naomba nimsifu kijana aliyekuwa zamu pale, kwa sababu alikataa kuuza. Alimuuliza kwanza hospitali wamempa mgonjwa nini. Binamu hakujua. "Rudi na bahasha," akamwambia. Binamu akapanda bodaboda, akarudi na bahasha, na yule kijana akavimimina vidonge kwenye kisahani, akavigeuza kuangalia maandishi yaliyochongwa juu yake, akamweleza kwamba za 1x3 ni diklofenaki, na za 2x3 ni metronidazoli, ambayo ni dawa ya kuua vijidudu na haitulizi maumivu hata kidogo.

Jambo hili nataka lisomwe taratibu. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu wa ukoo mmoja, zote huzuia kemikali za mwilini zinazoleta maumivu na uvimbe, na kumeza zote mbili pamoja hakukuongezei nafuu. Kunaongeza hatari ya kuchubuka tumbo, kutoka damu tumboni na kuumiza figo. Katika ukoo ule unachagua moja. Ile inayoweza kuongezwa juu yake ni parasetamoli, kwa kuwa njia yake ya kufanya kazi ni tofauti, na mchanganyiko wa moja ya ukoo ule pamoja na parasetamoli hutuliza maumivu ya gego vizuri kuliko kila moja ikiwa peke yake. Kwa mtu mzima mwenye afya, parasetamoli ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, na kwa saa 24 haitakiwi kuzidi gramu nne, yaani vidonge 8. Ini halisamehe zaidi ya hapo. Yule kijana aliniuzia parasetamoli, akaandika jina la kila dawa juu ya bahasha yake kwa kalamu, akaagiza diklofenaki nimeze baada ya kula, na akauliza kama nina vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au kama nina mimba, kwani mwenye mojawapo ya hayo hatakiwi kupewa dawa za ukoo ule bila daktari kujua. Maswali hayo hayakuulizwa dirishani kwenye kliniki. Huenda daktari aliyasoma katika fomu niliyojaza, lakini mgonjwa anapaswa kuyasikia.

Alimpa binamu na ujumbe mwingine: "Mwambie bibi anayemkanda aache. Leo ni barafu." Mama mdogo si bibi, na alimkumbusha binamu hilo, lakini alitii.

Barafu Pasua haipatikani dukani asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na jokofu pekee lililokuwa na kitu kilichoganda mtaani ni la jirani anayeuza barafu za ubuyu. Tulinunua sita. Mama mdogo alizifunga mbili mbili ndani ya khanga iliyokunjwa mara mbili, kwa maana barafu haiwekwi juu ya ngozi tupu, inaunguza, akaniwekea shavuni dakika 15 na kuziondoa dakika 15, akipima kwa saa ya simu. Khanga ile ina doa jekundu la ubuyu hadi leo. Sitasema kwamba barafu ilifuta uvimbe, kwa sababu haikufuta; uvimbe ulishapata nafasi yake usiku. Ila ile hali ya shavu kupwita kila moyo unapopiga ilipungua, na nililala usingizi wa kwanza wa maana tangu nitoke kwenye kiti. Nililala kwa mito mitatu, kichwa juu, maana kichwa kikilala sawa na mwili majimaji hukusanyika usoni.

Kuhusu ratiba ya uvimbe, nilidanganywa bila kukusudiwa, na watu wengi hudanganywa hivyo hivyo. Jumamosi sikuwa nimesahau chochote. Uvimbe wa gego lililopasuliwa huendelea kupanda na kufika kileleni kati ya saa 48 na 72, ndipo huanza kushuka, na kwa kawaida hufika siku ya tano hadi ya saba ndipo uso unarudi kuwa uso. Mtu aliyeambiwa hivyo mapema huiona Jumamosi yake kama siku ya kawaida katika safari. Mtu aliyeambiwa kwamba atakuwa amesahau huiona kama hatari. Mama mdogo alilia Jumamosi ile. Alikuwa ameanza kupiga simu kwa ndugu wa Marangu kuwaeleza kwamba nimepata sumu kwenye taya. Mjomba mmoja alikuja na chupa ya mbege, akisema nusu glasi tu itaua maumivu, na nilimshukuru na kumwomba aiweke, kwa kuwa metronidazoli na pombe havikai pamoja; anayevichanganya anaweza kutapika, kuumwa kichwa na moyo kwenda mbio.

Chakula kilikuwa jambo lililokwenda vizuri kuliko yote, na hapa uganga wa nyumbani ulikuwa sahihi kabisa. Mtori, ambao Uchagani mama aliyejifungua hupikiwa ili arudishe nguvu, unafaa pia kwa mtu asiyeweza kutafuna. Mama mdogo alichemsha ndizi mshare pamoja na nyama yenye mfupa, akaziponda hadi zikawa laini, akachuja ili usipite uzi wa nyama wala kipande cha kitunguu, hakuweka pilipili, na muhimu zaidi aliuacha upoe hadi uvuguvugu. Nilikula hivyo, na parachichi lililopondwa na maziwa mgando, kwa kijiko, upande wa kushoto. Uji niliunywa kwa kikombe. Binamu aliniletea mrija kwa huruma, nikaukataa, kwa kuwa kufikia hapo yule kijana wa famasi alishaniambia kwa simu kwamba kunyonya ni adui wa kidonda. Wali niliuacha kwa siku kumi, kwani punje moja ikiingia kwenye tundu huitoi kwa ulimi.

Jumapili jioni maumivu yalibadilika. Yaliyokuwa yakipungua yaliamka upya, lakini si shavuni. Yalikuwa ndani ya mfupa, yakipanda hadi sikioni na upande wa kichwa, na diklofenaki haikuyagusa. Mdomo ulikuwa na ladha mbaya na harufu ambayo mimi mwenyewe niliisikia. Jumatatu asubuhi, badala ya kwenda darasani kama cheti cha ED kilivyodhani, nilikuwa mtu wa kwanza mlangoni kliniki.

Naomba niseme wazi jinsi walivyonipokea, maana hapo kliniki ile ilijikomboa. Sikupangwa foleni. Daktari aliniita kwa jina, akanitazama dakika moja, akasema tundu limekauka: kile kizibo cha damu kimeondoka kabla ya wakati na mfupa umebaki wazi, jambo linalotokea zaidi kwenye magego ya chini, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya tano. Hakunilaumu. Aliniuliza kama nilisukutua siku ya kwanza, nikamweleza yote, akasema hawezi kuapa kwamba ndiyo sababu, kwani humpata hata aliyefuata kila sharti, lakini kusukutua kwa nguvu hakukusaidia. Aliliosha tundu kwa maji ya chumvi ya hospitali kwa sindano isiyo na ncha, taratibu, akaingiza kipande kidogo cha dawa chenye harufu kali ya karafuu. Harufu ile ilijaa chumba kizima kama mtu amefungua kopo la viungo vya pilau. Ni kiini cha mafuta ya karafuu kinachofanya kazi pale, nacho huutuliza mfupa kwa haraka ya kushangaza; sikuwa nimemaliza kusaini karatasi ya kurudi Jumatano, nilihisi kama kuna mtu amezima redio iliyokuwa ikipiga kelele sikioni. Nilimwuliza kama ningeweza kutumia mafuta ya karafuu ya sokoni nyumbani. Akasema nisithubutu kuyamimina kwenye kidonda, kwani yakiwa makali hivyo huchoma nyama, na kwamba kipimo chake ni kazi ya kliniki. Kwa matibabu yale, na kwa kurudia Jumatano, hawakunitoza hata shilingi.

Nikamwonyesha ile karatasi. Nilimwambia kwamba anayeniuguza haisomi, na kwamba bahasha zake hazina majina. Alinyamaza kidogo, akaigeuza karatasi upande usioandikwa, akachukua kalamu. Aliandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko mkubwa, yale yaliyotakiwa kuandikwa siku ya upasuaji, kama anayemwandikia mtu wa nyumbani kwake: gozi iumwe saa moja, na damu ikirudi iumwe nyingine kwa nusu saa bila kuifungua, barafu leo na kesho, kukanda kwa uvuguvugu kuanzia siku ya tatu taya likiwa gumu, asisukutue leo, kesho aanze kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, ainamishe kichwa huku na huku na kuyaacha yatoke yenyewe, hasa baada ya kula, dawa ya maumivu aanze kabla ganzi haijaisha, na kwa siku mbili za kwanza ameze kwa saa, si kwa kungoja kuumwa. Chini kabisa, kwa kupigia mstari, aliandika yale ya kumkimbiza mtu hospitali hata usiku: damu isiyosimama pamoja na kuuma gozi, homa, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu au kushuka shingoni, usaha, kushindwa kumeza, kupumua kwa shida. Akaongeza kwamba usiku tusingoje kliniki ifunguliwe, twende moja kwa moja hospitali ya KCMC.

Mama mdogo aliisoma mara mbili jioni ile, akiwa amevaa miwani yake ya kusomea. Kisha akaniambia jambo lililoniuma kuliko sindano: "Kumbe mimi ndiye niliyekuumiza." Nilimwambia hapana, na nasema hapana hapa pia. Hakuna aliyemwambia. Angeitwa kutoka kwenye lile benchi kwa dakika tano, angesikia, na angeshika kila neno, kwa kuwa ndivyo alivyo. Kliniki inapompasua mtu aliyekufa ganzi mdomo na kumwelekeza yeye peke yake, kwa lugha isiyo ya nyumbani, haijamwelekeza mtu yeyote.

Kuanzia Jumatatu ile, baada ya baridi kumaliza kazi yake, kukanda kulirudi, na safari hii kwa ruhusa. Taya lilikuwa limekakamaa, kama linavyokakamaa kwa wengi, na uvuguvugu ulililainisha. Daktari alinifundisha kupima kwa vidole: mdomo wa kawaida hupitisha vidole vitatu vilivyosimamishwa kimoja juu ya kingine. Jumatatu kilipita kimoja kwa shida. Jumatano viwili. Nilifanya zoezi la kufungua na kufumba taratibu mara kadhaa kwa siku, bila kulazimisha, na Jumapili iliyofuata, siku ya kumi, vilipita vitatu. Nyuzi zilitolewa Alhamisi, siku ya saba, na kazi hiyo haikuchukua hata dakika mbili.

Kwa hiyo, kwa anayeuliza kama aende pale: aende. Mkono wa yule mama ni mwepesi, vifaa vilifunguliwa kwenye pakiti mbele yangu, bei ilitajwa kabla na haikubadilika, na nilipopata tatizo sikufanywa mzigo. Ila apange upasuaji mwanzoni mwa siku anazoweza kukaa nyumbani, na aombe ED ya siku tatu au nne tangu mwanzo, maana kumwambia mkuu wa shule Jumatatu asubuhi kwamba siku moja imekuwa tano si jambo jepesi. Adai kila bahasha iandikwe jina la dawa, nguvu yake na kazi yake. Aulize kama dawa ya vijidudu anaihitaji kweli, kwa sababu si kila gego linaihitaji. Anunue parasetamoli na kugandisha barafu siku moja kabla. Uongozi wa kliniki nimeuandikia barua kuhusu karatasi, nikaambatanisha nakala ya ule mwandiko wa daktari, na binti wa mapokezi aliipokea kwa mikono miwili na kuniomba radhi kuhusu ile Jumamosi.

Gego la kushoto nalo limelala, nimeliona kwenye picha. Nimepewa nafasi wiki ya kwanza ya likizo ya Desemba, kiti kile kile, daktari yule yule. Mama mdogo ameshauliza atavaa nini, kwa sababu safari hii nimeomba aingie naye ndani, na daktari amekubali.